Namna ya Kupima Vigeu Kadhaa vya Kati kwa Pamoja katika Utafiti wa Mitazamo ya Wafanyakazi

Mtafiti wa mitazamo ya wafanyakazi kwa kawaida huanza na swali fupi: je, wafanyakazi wanaohisi kwamba msimamizi wao anawaunga mkono wana nia ndogo zaidi ya kuondoka kuliko wenzao? Akishapata jibu kwamba ndivyo ilivyo, swali la pili hufuata lenyewe, nalo ndilo zito zaidi: msaada huo unapitia wapi hadi kumfanya mtu abaki? Huenda unamfanya aridhike na kazi yake. Huenda unamfanya aione taasisi kuwa yake, au unampunguzia uchovu ambao ungemfukuza. Kila moja ya majibu haya ni kigeu cha kati, yaani kigeu kinachopokea athari kutoka kwa kisababishi na kuifikisha kwenye matokeo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima vigeu kadhaa vya aina hiyo kwa wakati mmoja, ndani ya modeli moja.

Nasisitiza maneno "ndani ya modeli moja" kwa sababu kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika tasnifu za uzamili ni kuvipima kimoja kimoja: uchambuzi wa kwanza kwa kuridhika, wa pili kwa mfungamano, wa tatu kwa uchovu, kisha mwandishi anatangaza kwamba vyote vitatu vinapitisha athari. Mitazamo ya kazini ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyeridhika na kazi mara nyingi pia ameifungamania taasisi, na mara nyingi hajachoka sana. Ukimpima ndugu mmoja peke yake, anabeba mzigo wa nduguze wote na kupewa sifa ambayo si yake.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue wauguzi wa hospitali za halmashauri nchini Tanzania. Kigeu huru ni msaada wa msimamizi, yaani jinsi muuguzi anavyoona kwamba muuguzi mfawidhi wa wodi yake anamjali na kumsaidia. Vigeu vya kati ni vitatu: kuridhika na kazi, mfungamano wa kihisia na taasisi, na uchovu wa kazi. Kigeu tegemezi ni nia ya kuondoka. Namba zote za mfano huu nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na hazitokani na hospitali yoyote. Tuchukulie kwamba vigeu vyote vimesawazishwa ili viwe na wastani wa 0 na mkengeuko sanifu wa 1, na kwamba sampuli ni ya wauguzi 300.

Fikiri kabla ya kufungua programu

Kila kigeu cha kati kina njia mbili, na kila njia inahitaji hoja yake. Njia ya kwanza, ambayo kwa desturi huitwa a, inatoka kwenye kigeu huru kwenda kwenye kigeu cha kati. Njia ya pili, b, inatoka kwenye kigeu cha kati kwenda kwenye matokeo. Watafiti wengi huandika kurasa kadhaa kuhusu njia a na mstari mmoja tu kuhusu njia b, ilhali b ndiyo dhaifu zaidi kihoja. Andika sentensi moja kamili kwa kila njia, na usipoweza kuiandika, kiondoe kigeu hicho. Kwa mfungamano, kwa mfano, hoja ya njia a inaweza kutoka kwenye kazi ya Eisenberger na wenzake ya mwaka 1986, walioonyesha kwamba wafanyakazi hujenga imani ya jumla kuhusu kiasi ambacho taasisi inawathamini, na kwamba wanaothaminiwa hulipa wema kwa wema. Hoja ya njia b inaweza kutoka kwa Meyer na Allen, ambao mwaka 1991 waligawanya kufungamana na taasisi katika sehemu tatu: kubaki kwa sababu mtu anapenda, kubaki kwa sababu kuondoka kuna gharama, na kubaki kwa sababu anahisi ni wajibu. Sehemu hizo tatu hazifanyi kazi moja. Anayepima zote kwa jumla moja anachanganya mtu anayependa pale alipo na mtu aliyenasa pale alipo.

Usirundike vigeu vya kati kwa sababu tu hojaji ilikuwa na nafasi. Vitatu au vinne vyenye hoja vinatosha tasnifu. Kila unachoongeza kinabadilisha maana ya vile vilivyokuwamo tayari, kwa sababu, kama tutakavyoona, kila athari inasomwa baada ya nyingine kuzuiliwa, yaani kushikiliwa pale pale kihesabu.

Amua pia mapema kama vigeu vya kati viko sambamba au vimepangana kwa mfuatano. Sambamba maana yake ni kwamba vinaweza kuwa na uhusiano lakini bila wewe kudai kwamba kimoja kinasababisha kingine. Mfuatano maana yake ni kwamba unadai, kwa mfano, kwamba msaada huleta kuridhika, kuridhika huleta mfungamano, na mfungamano hupunguza nia ya kuondoka. Uamuzi huu hautoki kwenye data, nitaurudia baadaye.

Vipimo na lugha ya hojaji

Hapa ndipo tafiti nyingi za kwetu zinapoharibikia, na hakuna hesabu inayoweza kuzirekebisha baadaye. Vipimo vingi vya mitazamo ya kazini viliandikwa kwa Kiingereza, katika mazingira ambamo mfanyakazi ana mwajiri mmoja anayejulikana. Muuguzi wa hospitali ya wilaya ameajiriwa kupitia halmashauri, halmashauri iko chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), sera zinatoka Wizara ya Afya, na kila siku anafanya kazi katika jengo lenye jina lake lenyewe. Ukimwuliza kama anajivunia "taasisi yake", atajibu kuhusu ipi kati ya hizo? Wengine watajibu kuhusu hospitali, wengine kuhusu Serikali kwa jumla, na kizigeu utakachopata, yaani namba inayosimama mbele ya kigeu ndani ya mlinganyo, kitakuwa mchanganyiko usio na jina. Taja kitu chenyewe ndani ya kila kauli: "hospitali hii".

Kigeu tegemezi nacho kina mtego. Katika utumishi wa umma watu wengi hawafikirii kuacha ajira, wanafikiria kuhama kituo. Mtu anaweza kuwa na nia kubwa sana ya kuondoka hospitali fulani na wakati huohuo asiwe na nia yoyote ya kuacha utumishi, kwa mfano kwa sababu mwenzi wake anafanya kazi mkoa mwingine. Pima nia ya kuhama na nia ya kuacha kazi kwa kauli tofauti, na ufanye uchambuzi wa kila moja peke yake. Sitashangaa ukikuta mfungamano na hospitali unagusa nia ya kuhama lakini haugusi kabisa nia ya kuacha utumishi.

Kisha kuna kauli za kukanusha. Vipimo vingi vina kauli zilizogeuzwa ili kumzuia mjibuji asiweke alama upande mmoja bila kusoma. Kwa Kiswahili zinahitaji uangalifu wa pekee. Mtu akiulizwa, "Hujisikii kuwa sehemu ya hospitali hii?", jibu la "ndiyo" maana yake ni "ndiyo, sijisikii". Msaidizi wa utafiti anayesoma hojaji kwa sauti na kujaza majibu mwenyewe, hasa aliyezoea mantiki ya hojaji ya Kiingereza, anaweza kuandika kinyume chake. Na kauli kama "Sijisikii kuwa sehemu ya hospitali hii" ikijibiwa kwa "sikubali" inamlazimisha mjibuji abebe kanusho mbili kichwani. Mimi hupendelea kugeuza maana kwa neno badala ya kanusho: "Najiona mgeni katika hospitali hii." Tafsiri zote zifanywe na mtu mmoja, zirudishwe Kiingereza na mtu wa pili ambaye hajaiona hojaji ya asili, kisha zijaribiwe kwa wauguzi wachache wanaoeleza kwa maneno yao walichoelewa.

Data ikishafika, hakikisha kwanza kwamba vigeu vyako vya kati ni vitu vitatu kweli. Alfa ya Cronbach ya kila kipimo haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa inakuambia tu kwamba kauli za kipimo kimoja zinakwenda pamoja. Haikuambii kwamba hazikwendi pia na kauli za kipimo jirani. Fanya uchambuzi thibitishi wa fakta, yaani kupima kama kauli zinajikusanya katika makundi (fakta) uliyoyatarajia, ukilinganisha modeli ya fakta tatu na modeli ambamo kuridhika na mfungamano vimeunganishwa kuwa kimoja. Ikiwa modeli iliyounganishwa inaendana na data karibu sawa na ile nyingine, huna vigeu viwili, na kuvitenganisha katika modeli ya athari kutaleta vizigeu vinavyoyumba na makosa sanifu makubwa, yaani makadirio yenye shaka kubwa. Katika hali hiyo ni heri kuchagua kimoja chenye hoja imara zaidi na kusema wazi kwamba umefanya hivyo.

Modeli yenyewe

Vigeu vitatu vya kati vilivyo sambamba vinahitaji milinganyo minne ya rigresheni. Mitatu ya kwanza inatabiri kila kigeu cha kati kwa msaada wa msimamizi. Wa nne unatabiri nia ya kuondoka kwa msaada na vigeu vyote vitatu vya kati kwa mkupuo mmoja. Vigeu vya udhibiti, kama umri, miaka kazini, na kama familia ya muuguzi inaishi wilaya ileile, viingie katika milinganyo yote minne, wala si katika ule wa mwisho tu.

Tuseme matokeo ni haya. Vizigeu vya njia a ni 0.50 kwa kuridhika, 0.40 kwa mfungamano na −0.30 kwa uchovu. Vizigeu vya njia b, vyote vikiwa katika mlinganyo wa nne, ni −0.10, −0.40 na 0.30 kwa mpangilio huohuo. Athari inayopitia kigeu cha kati ni zao la njia zake mbili. Kupitia kuridhika ni 0.50 mara −0.10, yaani −0.05, kupitia mfungamano ni 0.40 mara −0.40, yaani −0.16, kupitia uchovu ni −0.30 mara 0.30, yaani −0.09. Jumla ya athari zote zinazopita ni −0.30. Ikiwa athari ya moja kwa moja ya msaada iliyobaki katika mlinganyo wa nne ni −0.12, basi athari jumla ni −0.42, na namba hiyo ndiyo utakayoipata ukitabiri nia ya kuondoka kwa msaada peke yake.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayepima kimoja kimoja. Tuseme kwamba, msaada ukishazuiliwa, kila ongezeko la 1 la kuridhika linaendana na ongezeko la 0.40 la mfungamano na pungufu la 0.30 la uchovu. Kuridhika kukiingia peke yake, kizigeu chake cha b hakitakuwa −0.10 tena. Kitakuwa −0.10, ukijumlisha 0.40 mara −0.40 inayotoka kwa mfungamano, ukijumlisha −0.30 mara 0.30 inayotoka kwa uchovu, yaani −0.35. Athari inayopitia kuridhika inapanda kutoka −0.05 hadi −0.175, zaidi ya mara tatu, bila muuguzi hata mmoja kubadilisha jibu lake. Nikichukulia uhusiano wa kiasi kama hicho kati ya mfungamano na uchovu, athari za kupima kimoja kimoja kwa mfungamano na uchovu zinakuwa takriban −0.21 na −0.13. Jumlisha zote tatu upate −0.515, wakati athari yote iliyokuwapo ya kugawana ni −0.42. Mwandishi amegawa zaidi ya alichokuwa nacho.

Maana ya −0.05 basi ni finyu na inapaswa kusemwa kwa ufinyu wake: ni sehemu ya athari ya msaada inayopitia kuridhika baada ya mfungamano na uchovu kuzuiliwa. Namba hiyo haisemi kwamba kuridhika hakuna umuhimu kazini.

Kupima kama athari si sifuri

Utaratibu uliotawala kwa miaka mingi ni ule wa Baron na Kenny wa mwaka 1986, wa hatua kwa hatua: onyesha kwanza kwamba kigeu huru kina athari jumla kwa matokeo, kisha njia a, kisha njia b, kisha uone kama athari ya moja kwa moja imepungua. Bado unafundishwa, na bado unaombwa na baadhi ya wasimamizi wa tasnifu. Una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, haupimi kabisa lile zao la a na b ambalo ndilo hoja yenyewe. Pili, unakosa nguvu: Fritz na MacKinnon walipokokotoa mwaka 2007 ukubwa wa sampuli unaohitajika ili kupata nguvu ya 0.80 (uwezekano wa asilimia 80 wa kugundua athari iliyopo), walikuta kwamba njia zote mbili zikiwa ndogo na athari ya moja kwa moja ikiwa haipo, utaratibu huo unahitaji zaidi ya watu 20,000, wakati butistrapu ya asilimia, mbinu nitakayoieleza hapa chini, inahitaji watu 558.

Sharti la hatua ya kwanza, kwamba lazima athari jumla iwepo, linaumiza zaidi pale penye vigeu kadhaa vya kati. Fikiria mafunzo kazini. Mafunzo yanaweza kuongeza mfungamano, na hivyo kupunguza nia ya kuondoka kwa 0.12, yaleyale yanaweza kumfanya muuguzi aone kwamba sasa ana soko kwingine, na hivyo kuongeza nia hiyo kwa 0.11. Ikiwa hakuna athari ya moja kwa moja, athari jumla ni −0.01, na anayefuata hatua za Baron na Kenny atafunga daftari hapo, akiwa amekalia jambo ambalo mwajiri yeyote angetaka kulijua.

Kipimo cha Sobel cha mwaka 1982 kinapima zao lenyewe, lakini kinachukulia kwamba mtawanyiko wa zao hilo ni wa kawaida, wenye umbo la kengele. Zao la vizigeu viwili kwa kawaida halina umbo hilo. Limeinamia upande mmoja, hasa katika sampuli ndogo. Ndiyo maana Preacher na Hayes, katika kazi yao ya mwaka 2008 kuhusu vigeu kadhaa vya kati, walipendekeza butistrapu: kompyuta inachota upya kutoka kwenye sampuli yako, kwa kurudisha kila aliyechotwa, wauguzi 300 kwa mara 5,000, kila mara inakokotoa mazao matatu, kisha inayapanga kwa ukubwa na kukupa mipaka inayozunguka asilimia 95 ya katikati. Mipaka hiyo isipokumbatia sifuri, una ushahidi wa athari. Kuna aina ya butistrapu inayosahihisha upendeleo, nayo ina nguvu kidogo zaidi, lakini katika sampuli ndogo huelekea kuona athari isiyokuwapo. Mimi hutumia ile ya asilimia ya kawaida.

Anayetumia programu ya takwimu ya SPSS ataweka makro (programu ndogo ya nyongeza) ya PROCESS ya Hayes na kuchagua modeli namba 4 kwa vigeu sambamba, au namba 6 kwa vilivyo kwenye mfuatano. Andika namba ya mbegu ya nasibu, yaani namba inayoanzisha uchotaji wa bahati nasibu wa kompyuta, ili anayerudia uchambuzi apate mipaka ileile. Anayetumia programu ya R anaweza kutumia kifurushi cha lavaan, ambacho ni bure, na modeli yetu itaandikwa hivi:

kuridhika ~ a1*msaada
mfungamano ~ a2*msaada
uchovu ~ a3*msaada
nia ~ b1*kuridhika + b2*mfungamano + b3*uchovu + c*msaada
kuridhika ~~ mfungamano + uchovu
mfungamano ~~ uchovu
kupitia1 := a1*b1
kupitia2 := a2*b2
kupitia3 := a3*b3
tofauti12 := kupitia1 - kupitia2
tofauti13 := kupitia1 - kupitia3
tofauti23 := kupitia2 - kupitia3

Ile mistari miwili yenye alama ~~ husahaulika sana. Inaruhusu mabaki ya vigeu vya kati, yaani sehemu zake ambazo msaada haukuzieleza, yawe na uhusiano. Ukiiacha, unaiambia programu kwamba msaada wa msimamizi ndio sababu pekee ya kuridhika na mfungamano kwenda pamoja, jambo ambalo hakuna anayeliamini, na modeli itaonekana haiendani na data kwa kosa lako mwenyewe.

Jambo moja la sampuli lisipuuzwe. Wauguzi wa wodi moja wana msimamizi mmoja, kwa hiyo majibu yao kuhusu msaada hayako huru. Ukiwachukulia kama watu 300 wasiohusiana, makosa sanifu yatakuwa madogo kuliko inavyostahili. Wodi zikiwa nyingi, tumia modeli ya ngazi mbili, inayotenganisha tofauti kati ya wodi na tofauti kati ya wauguzi ndani ya wodi. Zikiwa chache, angalau fanya butistrapu inayochota wodi nzima badala ya mtu mmoja mmoja.

Kulinganisha athari

Tuseme butistrapu imetupa mipaka ifuatayo: kupitia kuridhika, −0.11 hadi 0.01, kupitia mfungamano, −0.24 hadi −0.09, kupitia uchovu, −0.15 hadi −0.04. Kishawishi ni kuandika kwamba uchovu unapitisha athari kubwa kuliko kuridhika, kwa kuwa mipaka ya uchovu haina sifuri na ya kuridhika inayo. Hilo halijathibitishwa. Tofauti kati ya athari mbili ni kadirio lenye mipaka yake, na lazima ipimwe yenyewe. Katika mfano wetu tofauti ya kuridhika na uchovu ni 0.04, na mipaka yake ikiwa −0.04 hadi 0.12 inakumbatia sifuri: hatuwezi kusema kwamba njia moja ina nguvu kuliko nyingine. Tofauti ya kuridhika na mfungamano ni 0.11, mipaka 0.01 hadi 0.21, na hapo tunaweza kusema kwamba mfungamano unabeba zaidi. Mfungamano na uchovu zinatofautiana kwa −0.07, mipaka −0.16 hadi 0.02, tena hatuwezi kuzipanga. Ndiyo kazi ya mistari mitatu ya mwisho katika maandishi ya lavaan hapo juu, na PROCESS nayo hutoa linganisho hizo ukiiomba.

Linganisho hili halidhuriwi na vipimo tofauti vya vigeu vya kati. Kuridhika kunaweza kuwa kumepimwa kwa alama 5 na uchovu kwa alama 7. Zao la a na b linabaki katika kipimo cha kigeu huru na kigeu tegemezi tu, kwa sababu kipimo cha kigeu cha kati hujifuta chenyewe katika kuzidisha. Lakini ishara ni lazima ziangaliwe: njia mbili zenye −0.10 na 0.10 zina ukubwa sawa, lakini tofauti yao si sifuri.

Napendekeza uachane na maneno "upitishaji kamili" na "upitishaji nusu". Yanategemea kama athari ya moja kwa moja imebaki kuwa muhimu kitakwimu, na hiyo nayo inategemea ukubwa wa sampuli, kiasi kwamba mwenye sampuli ndogo ndiye atakayetangaza upitishaji kamili kwa urahisi zaidi. Toa kadirio la athari ya moja kwa moja na mipaka yake, inatosha.

Mfuatano, na suala la muda

Ukidai kwamba kuridhika kunaleta mfungamano, ile −0.16 iliyopitia mfungamano inagawanyika. Sehemu moja ni ya mfuatano: 0.50 mara 0.40 mara −0.40, yaani −0.08, ikitoka kwa msaada kwenda kuridhika, kwenda mfungamano, hadi nia ya kuondoka. Sehemu nyingine, −0.08, ni ya msaada kwenda mfungamano bila kupitia kuridhika. Jumla haikubadilika hata kidogo. Na ukigeuza mpangilio, ukasema mfungamano ndio unaoleta kuridhika, modeli hiyo nayo itaendana na data sawasawa na ya kwanza. Hakuna kipimo cha kuendana kitakachokuambia ipi ni kweli. Anayejaribu mipangilio yote na kuripoti ule uliotoa mipaka isiyo na sifuri hajapima nadharia tete yake.

Ugumu huu unatokana na hojaji kujazwa siku moja. Maxwell na Cole walionyesha mwaka 2007 kwamba data ya siku moja inaweza kutoa makadirio yaliyopotoka sana ya upitishaji unaotokea kwa muda, hata sampuli ikiwa kubwa. Pale inapowezekana, pima msaada mwezi wa kwanza, vigeu vya kati baada ya miezi kadhaa, na nia ya kuondoka baadaye tena, huku vigeu vya kati na nia vikipimwa pia mwanzoni ili viweze kudhibitiwa. Mbinu hii pia inapunguza tatizo la mtu mmoja kujibu kila kitu kwa kikao kimoja akiwa na hali moja ya moyo. Kipimo cha Harman cha fakta moja, kinachoangalia kama fakta moja inaeleza sehemu kubwa ya majibu yote, na ambacho wengi hukiweka katika sura ya tatu ya tasnifu kama kinga ya tatizo hilo, hakigundui mengi na hakirekebishi chochote.

Hata jaribio ambalo wasimamizi wamepewa mafunzo kwa bahati nasibu linalinda njia a tu. Njia b inabaki ya uchunguzi, na kitu kisichopimwa, tuseme mishahara iliyocheleweshwa, kinaweza kupunguza mfungamano na kuongeza nia ya kuondoka kwa mpigo mmoja. Vigeu vya udhibiti katika mlinganyo wa nne vinastahili fikira nyingi kuliko vinavyopewa kawaida.

Kuandika matokeo

Aya ya matokeo ya mfano wetu, ikiwa hojaji ilijazwa mara moja, ningeiandika hivi: "Wauguzi waliohisi kuungwa mkono zaidi na msimamizi walikuwa na nia ndogo zaidi ya kuondoka (athari jumla −0.42). Tulipopima vigeu vitatu vya kati katika modeli moja, kwa butistrapu ya asilimia yenye machoto 5,000, sehemu ya uhusiano huo ilipitia mfungamano wa kihisia (−0.16, mipaka ya asilimia 95 ni −0.24 na −0.09) na uchovu wa kazi (−0.09, −0.15 na −0.04). Makadirio ya athari inayopitia kuridhika, baada ya vigeu hivyo viwili kuzuiliwa, yalikuwa madogo na mipaka yake ilikumbatia sifuri (−0.05, −0.11 na 0.01). Athari inayopitia mfungamano ilikuwa kubwa kuliko inayopitia kuridhika (tofauti 0.11, 0.01 na 0.21), lakini hatukuweza kuitofautisha na inayopitia uchovu. Kwa kuwa vigeu vyote vilipimwa wakati mmoja, mpangilio wa visababishi unatokana na nadharia tuliyoieleza, na haukujaribiwa na data hii."

Kigeu cha kuridhika kibaki katika aya hiyo na katika jedwali. Kiliingia kwa hoja, kimeshiriki kukokotoa namba za wenzake, na kukiondoa kisha kuendesha uchambuzi upya kwa vigeu viwili kutabadilisha namba hizo bila msomaji kujua kwa nini.